Kikombe hakina kosa, fungueni madirisha

Hivi jamani, kikombe kimekosa nini? Nawauliza wasomi wenzangu wa Mwanza, sisi tuliopita chuo kikuu. Mtu akiambiwa ana TB, siku hiyo hiyo anatengewa kikombe, sahani na kijiko. Usiku analala chumba kimoja na wadogo zake watatu, dirisha limefungwa, na hakuna anayeshtuka!

TB haiambukizwi kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono. Inasafiri hewani. Mwenye TB ya mapafu ambaye hajaanza dawa akikohoa, vijidudu vinaelea ndani ya chumba kisichopitisha hewa, na wewe unavivuta. Robert Koch alimtangaza mdudu huyo kule Berlin tarehe 24 Machi 1882. Mwaka 1906 Koch huyo huyo alikuja mpaka kwenye ziwa letu hili, akatafiti malale visiwa vya Ssese. Leo bado tunasikia "karogwa", au "ni ugonjwa wa ukoo wao". Ukoo gani? Mnalala chumba kimoja, mnavuta hewa moja, ndiyo maana mnaugua pamoja.

Wengine watasema kumtengea vyombo ni tahadhari tu, haidhuru. Inadhuru sana. Anayejua atatengwa haendi kupima. Atanunua dawa ya kikohozi dukani mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku anapanda daladala za Igoma wakati wa mvua, vioo vyote vimefungwa. Anayemeza dawa zake sawasawa, mara nyingi baada ya wiki chache tu haambukizi tena. Wa kuogopwa ni yule tuliyemtisha asiende hospitali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hii iliwahi kuwa mwalimu wa dunia. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, na kazi aliyoifanya humu Dk. Karel Styblo ndiyo iliyozaa utaratibu wa DOTS ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza kote miaka ya 1990. Dawa ni bure. TB ya kawaida inapona kwa miezi sita. Halafu sisi tunabishana na vikombe!

Mrudishieni mgonjwa kikombe chake. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, kapime. Na wewe uliyekaa dirishani kwenye daladala, fungua kioo.