Katuni Katika Somo la Insha

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilimwona mwanachuo mmoja akichana ukurasa wa daftari la mtoto wa darasa la nne, kwa kosa la kuchora katuni. Palikuwa na visanduku vinne: mbuzi akikata kamba, mbuzi shambani kwa jirani, jirani na fimbo yake, mama akisema, “Nitalipa kesho.” Mtoto huyo huyo hakuwa ameandika hata sentensi tatu za insha. Kisa alikuwa nacho; sisi ndio tuliokichana.

Katuni si upuuzi. Chakubanga wa Christian Gregory alisema na watu wazima katika gazeti la Uhuru, na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo la Kenya. Darasani yafaa zaidi kwa usemi halisi: maneno yaliyomo ndani ya duara ndiyo yatiwayo alama za mtajo. Mtoto ageuzapo picha yake kuwa usemi wa taarifa, mama “alisema kwamba angelipa siku iliyofuata,” naye huona kwa nini maneno yamebadilika.

Karatasi si kikwazo; ukurasa ukikunjwa mara mbili hutoa visanduku vinne. Kikwazo ni mwalimu adaiye picha nzuri. Asahihishe maneno, pua za watu aziache.

Mwanachuo yule nilimpa alama za chini. Mpaka leo hatujakubaliana.