Gari la Vita Lisilo na Vumbi

Miongoni mwa zana ambazo walimu wanafunzi hupenda kuzichukua waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, magari yaliyoundwa kwa maboksi na mabati hayakosi. Katika shule za Mbebe, wilayani Ileje, tumeyaona ya namna nyingi, na karibu yote hufanana kwa jambo moja: yanang'aa. Gari la jeshi limepakwa kijani kibichi, magurudumu ni meusi tii, nalo limesimama juu ya ubao mtupu kama bidhaa dukani. Mwalimu huliinua, wanafunzi hulitazama, kisha hurudi kabatini. Sisi tunaona kwamba zana ya namna hiyo haikufundisha kitu, na pengine imefundisha uongo.

Tuchukue Vita vya Kagera, kwa kuwa ndivyo vinavyoundiwa magari hayo mara nyingi. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwezi uliofuata daraja la Kyaka likavunjwa. Majeshi yetu yaliingia Uganda Januari 1979, yakapigana Lukaya tarehe 10 na 11 Machi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Barabara ya Lukaya hupita katikati ya kinamasi cha mafunjo. Je, Land Rover iliyopita huko yaweza kufika darasani ikiwa imeoshwa?

Ndiyo maana tunasema kazi ya kulichakaza gari ni somo lenyewe, si mapambo ya mwisho. Mtoto anayepaka tope lazima ajiulize tope hutoka wapi. Hurushwa na gurudumu, basi litajaa juu ya gurudumu na nyuma yake, wala si juu ya paa. Vumbi hulala penye tambarare. Mvua huteremsha uchafu kwa michirizi inayokwenda chini, kamwe si kwa upande. Rangi hubanduka pale buti linapokanyaga na mkono unaposhika: kizingiti cha mlango, ukingo wa bodi, kitasa. Moshi huacha weusi karibu na bomba lake, si kila mahali. Watoto wa Mbebe wanayajua haya yote kuliko wakufunzi wao, maana wanayaona magari yakipita kila msimu wa mvua. Hawajapata tu kuulizwa.

Vifaa havihitaji fedha. Masizi ya chungu hutoa weusi wa moshi. Majivu yaliyochekechwa hutoa vumbi. Kutu ya kweli hukwanguliwa kwenye jembe kuukuu ikachanganywa na uji mwepesi wa unga wa ngano ili ishike. Mswaki uliochovywa katika udongo uliokorogwa, ukivutwa kwa kidole, hurusha matone madogo kama yale ya barabarani. Kwa kingo zilizochubuka, brashi ichovywe katika rangi hafifu, ifutwe hata ikaribie kukauka, ndipo ipitishwe juu juu. Kila tabaka likauke kabla ya kuanza jingine. Mwalimu mwenye haraka huharibu hapa, kwani tope mbichi juu ya rangi mbichi huwa rojo moja.

Vipimo navyo vizingatiwe. Kwa uwiano wa 1:25, Land Rover ndefu ya mita 4.45 itakuwa na sentimita 17.8, na mtu wa sentimita 170 atakuwa na sentimita 6.8. Tumeona askari wa udongo aliyelizidi paa la gari lake kwa kichwa kizima! Darasa la tano lingeweza kuzipiga hesabu hizo lenyewe, kama lingepewa nafasi.

Wako wenzetu wanaopinga jambo hili tangu mwanzo. Husema kwamba kuingiza magari ya vita katika shule ya msingi ni kuwapandikizia watoto mapenzi ya vita. Hoja hiyo si ya kubezwa, na sisi wenyewe hatukubali damu na maiti katika mandhari ya watoto wadogo. Lakini gari safi ndilo linalovutia vitani, kwa sababu halina gharama iliyoonekana. Mtoto aliyekaa siku mbili akilichafua gari, akilipinda bati lake na kulizamisha hadi ekseli, hatalisifu kwa wepesi ule ule.

Katika shule mojawapo alialikwa mzee aliyekuwa mgambo wakati wa vita hivyo. Aliizunguka meza kimya, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, sisi tuko wapi hapa? Sisi tulitembea." Alisema kweli. Mabasi na malori ya raia yalichukuliwa kusaidia usafiri, na bado sehemu kubwa ya askari wa miguu walikwenda kwa miguu kweli. Wanafunzi walilisogeza gari pembeni, wakaanza kufinyanga watu wenye mizigo. Kazi ile ilikuwa bora kuliko yote tuliyoisimamia muhula ule, ingawa vidole vya wale askari vilikuwa vinene kama ndizi.

Fundisho hilo laweza kurudishwa nyuma hadi vita vya 1914 hadi 1918, vilivyopita hapa hapa. Wajerumani walivuka mto Songwe wakapigana na Waingereza Karonga tarehe 9 Septemba 1914. Palipokuwa na mbung'o, wanyama wa mizigo walikufa, na mizigo ikabebwa na wapagazi vichwani. Kwa vita hivyo mandhari ya Mbebe haihitaji gari hata moja. Yahitaji njia nyembamba, nyasi, na mstari mrefu wa watu.

Tungependa walimu wanafunzi wa awamu ijayo waende na gari lililokwisha kuundwa lakini halijaguswa na tope, pamoja na kopo la masizi na lingine la majivu, na wayaache mezani mbele ya watoto. Nasi tunaosimamia tutoe alama kwa maswali yatakayoulizwa mezani hapo, tusizitoe kwa mng'ao wa rangi.