Litungu Lisicheleweshwe

Pale fundi mitambo wa Musoma au Bunda anapoamua kulipitisha litungu la Wakurya, lenye nyuzi 8 na mngurumo mzito, katika kompyuta, ili programu iondoe uvumi wa jenereta (ambayo, kusema kweli, ingesogezwa tu nyuma ya nyumba) kabla sauti haijafika kwenye spika, naona amejitwalia mamlaka makubwa kuliko mpigaji mwenyewe, na hilo si la insafu.

Hisabati ya usafishaji huo haina siri. Sauti hukatwa vipande, na kila kipande kikachambuliwa kuwa mawimbi yake kwa ilimu ya Fourier, mwanahisabati Mfaransa, ambayo wanahisabati Cooley na Tukey waliirahisishia hesabu mwaka 1965; na kwa kuwa vipimo vya sauti, yaani sampuli, ni 48,000 kwa sekunde, kipande cha sampuli 1,024 hakikamiliki mpaka zipite milisekunde 21, mbali na muda wa kukokotoa. Ukikipunguza hadi 256, kungoja hushuka hadi milisekunde 5 na ushei, lakini programu haipambanui vema sauti zilizokaribiana chini ya mitetemo 188 kwa sekunde, na nyuzi nene huchanganywa na jenereta ile ile.

Rekodi za hotuba za kale za Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, zikisafishwa, zastahili vipande virefu, maana hakuna azingojeaye. Bali mpigaji, ambaye vidole vyake hufuata sikio, hivyo huvurugwa na kuchelewa huko, asikilizishwe sauti ghafi, na usafishaji, ukilazimu, uwe wa hadhira peke yake.