Binti apewe kifaa, si daftari tu

Kila alfajiri nikielekea shuleni nawapita akina mama kwenye foleni ya Petite Barrière, wamebeba nyanya na vitunguu vya kuuza Goma. Wengi wao husomesha watoto kwa biashara hiyo. Mwaka jana mmoja wao, ambaye binti yake nilimfundisha fizikia, alinisimamisha: "Mwalimu, nimelipa karo miaka miwili. Mbona mtoto anataka kuacha uhandisi?"

Nilizungumza na binti huyo. Hesabu hazikumshinda. Katika kundi lake la maabara alikuwa msichana peke yake. Wavulana walishika nyaya na vipimo, yeye akapewa daftari aandike matokeo. Chumba cha kompyuta kilipata nafasi usiku tu, naye aliogopa kurudi bwenini gizani. Mtihani wa vitendo ulimkuta hajashika kifaa hata kimoja.

Ndugu msomaji, uchungu huo naujua. Nilisoma uhamishoni Tanzania, na sisi watoto wa wakimbizi tulikaa nyuma, tukitazama majaribio juu ya mabega ya wenyeji. Kutazama si kujifunza.

Sisemi kwamba nchi haijafanya kitu. KIST, iliyoingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013, ilianzishwa 1997. Shule ya wasichana ya FAWE ilianza 1999, na ile ya sayansi ya Gashora 2011. Tangu 2019 jirani zetu wa Nyabihu wana Rwanda Coding Academy. Milango imefunguliwa. Hata hivyo, kuingia darasani ni jambo moja, kushika kifaa ni jingine.

Nasi tunawahitaji mabinti hawa. Hapa Rubavu gesi ya Ziwa Kivu inageuzwa umeme. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika ukabomoa nyumba zetu. Kazi hizo zinataka wahandisi, nasi tunawapoteza baadhi yao njiani.

Ni maoni yangu kwamba wahadhiri wapange zamu, kila mwanafunzi ashike kifaa na kila mmoja aandike. Maabara zifunguliwe pia Jumamosi mchana. Nanyi akina mama wa mpakani, binti akirudi likizo msimuulize alama tu. Muulizeni: "Mwanangu, muhula huu umeunda nini kwa mikono yako?" Akinyamaza, nendeni chuoni mkaulize. Karo ni jasho lenu.