Uzamivu nao uzungumzwe kwenye posa



Kwenye posa zetu huzungumzwa mahari, tarehe, sare na nani atapika biriani. Masomo ya biharusi hayatajwi. Akiwa na shahada ya kwanza watu husema alhamdulillah, imetosha. Akigusia uzamivu, mshenga huinamisha kichwa kama aliyesikia habari ya msiba. Sisi tunasema jambo hili liwekwe mezani mapema, hasa kwa dada waliosoma sayansi ya mimea au maikrobiolojia, na wengi wao wamesomea bara, Dodoma wakiwemo.

Kwa nini Dodoma? Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ghafla: macho ya manjano, tumbo kujaa, kutapika. Katika wagonjwa 68 waliohesabiwa, 20 walifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi waliyolima wenyewe. Sumu hii haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Hupenda mahindi na karanga, karanga zile zile tunazosaga kwenye uji wa mtoto.

Sasa nani anaanika, anapeta na kuchambua punje mbovu? Mwanamke. Kule Kondoa, kwenye Waislamu wengi, mtafiti wa kike aliyejistiri atakaribishwa mpaka ghalani na jikoni, akaone mahindi yanavyohifadhiwa. Mwanamume ataishia barazani. Na kazi yenyewe ni ya ajabu. Wanasayansi huchukua kuvu wa hapa hapa nchini wasiotengeneza sumu, wakawapaka kwenye punje za mtama, kisha punje zikamwagwa shambani kabla mahindi hayajachanua. Kuvu wazuri huwahi nafasi, wabaya wakakosa pa kukaa. Subhanallah.

Wazazi huogopa ada. Lakini uzamivu wa sayansi mara nyingi haulipiwi na baba wala mume. Profesa hupata fedha za mradi, halafu hutafuta mwanafunzi. Mradi ndio unaolipa ada, gharama za maabara na posho ya kila mwezi. Kwa hiyo usisubiri tangazo tu. Soma kazi za wasimamizi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, SUA kule Morogoro au Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, kisha mwandikie mmoja barua fupi ukieleza swali unalotaka kulichunguza. Upo pia ufadhili wa OWSD, jumuiya ya wanasayansi wanawake yenye makao Trieste, Italia. Huo ni kwa ajili ya wanawake wa nchi zinazoendelea, na husomeshwa katika nchi nyingine inayoendelea. Una njia moja inayowafaa sana walioolewa: unasajiliwa chuo cha nyumbani, unakwenda nje kwa vipindi tu. Masharti yasome upya kila mwaka, hubadilika.

Kinachobaki ni ruhusa na muda, na hapa hatutaki kudanganyana. Ni miaka mitatu, minne, pengine na mimba katikati. Anayeshika sumu maabara amwambie msimamizi mara tu anapojua ana mimba. Na kuna wanaosema sharti la masomo likiandikwa kwenye ndoa basi limekwisha. Siyo rahisi hivyo: wanachuoni wa Shafi, madhehebu ya wengi wetu visiwani, hawayapi masharti kama haya nguvu wanayoyapa wale wa Hanbal. Muulizeni kadhi kabla ya akad, na walii awepo. Suala la kusafiri bila maharimu nalo liulizwe hapo hapo, ingawa kwa boti na treni ya umeme iliyoanza 2024 mume anaweza kuja Dodoma kila baada ya wiki chache akitaka. Anayetaka, tumesema.

Jengine dogo: maabara ya vijidudu ina moto wa gesi mezani. Shifoni ya harusini iache nyumbani. Vaa mtandio wa pamba, mfupi, uliochomekwa ndani ya koti.

Barua ya posa ikifika wiki hii, walii aulize kabla ya kutaja mahari: huyu kijana yuko tayari kuoa mwanafunzi?