TUSIMNUNUE MTOTO WA SOKWE



Tangu juma mbili kuko neno linalozunguka katika internati. Muuzaji mmoja anatembeza mtoto wa sokwe, yule wengine wanamwita sokomutu, na kikundi cha wanafunzi kinakusanya makuta. Wanasema: «Tukimuacha atakufa. Tumununue tu, tumulee hapa.» Sisi makapita wa mwaka wa sita tunaona nia yao ni njema. Hata hivi tunasema wazi: tusimnunue.

Kwanza, anatoka wapi? Hapa Kolwezi hakuna pori la sokwe. Anatoka mbali, kaskazini, katika misitu mikubwa. Mtoto wa sokwe ananyonya karibu miaka minne ao mitano, anabebwa na mama yake kila mahali, na mama hawezi kumtoa kwa hiari. Mwindaji anaua mama kwanza, na mara nyingi anaua pia wengine wa kundi wanaokuja kumtetea. Nyama inauzwa, mtoto anakuwa faida ya juu. Basi, anayelipa bei ya mtoto analipa risasi ya mama mwingine. Muuzaji haulizi kama ulilipa kwa huruma ao kwa kujionyesha. Anahesabu makuta, anaenda kuagiza mwingine.

Pili, mtoto hatabaki mtoto. Sokwe mkubwa anapita mtu kwa nguvu, na meno yake si mchezo. Akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 50. Sisi tutapata diplome na kutawanyika. Nani atabaki naye? Atamaliza maisha katika mnyororo nyuma ya jiko. Tena mafua yetu yanaweza kumuua, na magonjwa yake yanaweza kutufikia.

Tatu, kuko sheria. Inchi yetu iliingia katika mapatano ya CITES tangu 1976, yanayokataza biashara ya sokwe, na sheria ya 11 Februari 2014 inalinda wanyama wa pori.

Wengine watajibu: «Basi mnataka afe?» Hapana. Pale Lubumbashi, ndani ya zoo, kuko kituo cha J.A.C.K., kilichoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau. Jina lake kwa Kifaransa linataka kusema wanyama wachanga walionyang'anywa katika Katanga. Sikilizeni neno lile: walionyang'anywa, si walionunuliwa. Wakubwa wa serikali wanamkamata mnyama, kituo kinamlea pamoja na wenzake, na muuzaji anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwezi wa Septemba 2022 wezi waliingia usiku katika kituo hicho, wakaiba watoto watatu wa sokwe, wakadai makuta ili wawarudishe. Kituo kilikataa kulipa. Watu wale walikuwa wamelea watoto hao kwa mikono yao. Kukataa kuliwauma kuliko sisi tunavyoweza kuumia. Lakini walijua kwamba ukilipa mara moja, kesho wezi watarudi, na siyo kwako tu, hata kwa wengine.

Basi tufanye hivi. Anayemuona muuzaji asipatane naye bei, asimshike mnyama, asigombane. Aje kuambia kapita siku ile ile, nasi tutamfikishia prefe, ili aite watu wa serikali wanaoshugulika na mazingira. Makuta yaliyokwisha kukusanywa yasirudi mifukoni: tunaomba prefe ayatume kwa kituo kile, yasaidie chakula cha wale waliookoka. Na mwenye hamu ya kulea mnyama kwao, kuko mbwa wengi wa cité wasio na mwenyewe. Mmoja wao atafurahi kupata sahani na jina.

Mezali sura ya 12 inapima mtu wa haki hata kwa namna anavyomtendea mnyama. Huruma isiyouliza maswali inamfurahisha muuzaji peke yake. Sisi tuwe na huruma yenye akili.

Makapita wa mwaka wa sita