Picha ya Ubongo Isiishie Ndani ya Bahasha

Mwanafunzi anapoanguka kwa kifafa darasani, katika shule ya kijiji wilayani Kongwa au Chemba, mara nyingi wenzake hukimbia kwa kuogopa mate yake, na baada ya majuma machache jina lake hutoweka katika daftari la mahudhurio. Mwalimu huambiwa kwamba mtoto amerogwa. Ni nadra mtu kuuliza swali lililo la msingi, nalo ni hili: ndani ya ubongo wa mtoto huyo kuna nini?

Kwa muda mrefu swali hilo halikuwa na jibu katika Dodoma. Hospitali ya Mirembe, iliyojengwa na wakoloni katika miaka ya 1920, ilipokea wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi, lakini daktari hakuwa na njia ya kuona kilichomo ndani ya fuvu. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa, na ubongo hubaki gizani. Leo sivyo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 penye Chuo Kikuu cha Dodoma, inazo mashine za CT na MRI. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, wapo waliocheka wakasema ni kuhamia nyikani. Mgonjwa wa Kondoa ambaye sasa husafiri kilomita zipatazo 160 badala ya kwenda hadi Dar es Salaam hana sababu ya kucheka.

Mashine ya CT hupitisha miale ya eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huichora picha ya ubongo vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield; na Allan Cormack, aliyeshirikiana naye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979, alianza kuifikiria hesabu yake mwaka 1956 akiwa katika hospitali moja ya Cape Town. MRI haitumii eksirei bali sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, nayo huonyesha nyama laini ya ubongo kwa undani zaidi.

Faida ya vyombo hivi imekwisha kuonekana kaskazini ya nyanda hizi hizi za kati. Katika eneo la Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, watafiti waliwapima wagonjwa wa kifafa kwa CT na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Zaidi ya mmoja katika kila wagonjwa sita alikuwa na alama ubongoni zinazoashiria vifuko vya mnyoo wa tegu wa nguruwe, wakati miongoni mwa watu wasio na kifafa alama hizo zilikuwa nadra mno. Uchawi haukuonekana katika picha hizo. Kilichoonekana ni madoa ya mdudu.

Hapa yafaa kueleweshana vema, kwa kuwa wengi hudhani ugonjwa huu ni wa walaji wa nyama ya nguruwe tu, hiyo iitwayo kitimoto mitaani. Anayekula nyama isiyoiva hupata tegu tumboni. Lakini vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka katika kinyesi cha binadamu, kwa njia ya maji, mboga au mikono michafu. Hata asiyegusa nyama hiyo maisha yake yote aweza kupatwa. Na uchunguzi wa mifugo umekwisha kuonyesha maambukizo hayo katika nguruwe wa Kongwa, ambako wengi huachwa wazurure. Kwa hiyo picha iliyopigwa kwa mashine ya fedha nyingi inamrudisha mtumishi wa umma kwenye choo cha shimo, jambo ambalo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ililihimiza mwaka 1973 kwa watu wapatao milioni mbili waliokaa katika vikundi vya kusoma.

Mambo mengine ni ya namna hiyo hiyo. Kiharusi cha mshipa uliopasuka na kile cha mshipa ulioziba hufanana kwa macho, lakini dawa inayomfaa huyu yaweza kumdhuru yule, na CT ndiyo itenganishayo. Kijana aliyeanguka na bodaboda bila kofia ngumu aweza kuzungumza vizuri asubuhi huku damu inajikusanya chini ya fuvu. Na mzee? Utafiti wa Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya watu wenye miaka 70 na zaidi, wapatao 6 katika kila 100 wana maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Vipimo vinavyotumiwa duniani kuamua ubongo wa mzee umenywea kupita kiasi vilitokana zaidi na wazee wa Ulaya na Marekani. Mkulima wa Bahi hakuwamo.

Ndiyo maana haitoshi picha kulipiwa, kusomwa, kutiwa katika bahasha na kutundikwa msumarini kijijini. Picha ya namna hiyo imemsaidia mtu mmoja. Mkoa haukujifunza kitu. Chuo Kikuu cha Dodoma na hospitali hazina budi kuzikusanya picha hizo, kwa idhini ya wenyewe na bila majina yao, zilinganishwe wilaya kwa wilaya, na matokeo yafike kwa bwana afya na bwana mifugo wa kata, si kwenye majarida ya ng'ambo peke yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, nayo itapimwa kwa jambo hili: kama mtoto wa mkulima atafika kwenye mashine.

Mwalimu asingoje hayo. Mtoto akianguka, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, asitiwe kijiko wala kidole kinywani, na muda wa degedege uandikwe. Kisha iandikwe barua kwenda zahanati, na dawati lake libaki lake.